Kitalu cha Ngozi

Ngozi ndiyo nguo ya kwanza anayovikwa mwanadamu, na ndiyo ya mwisho kuvuliwa. Nguo nyingine zote twaweza kuzinunua, kuzirithi, au kuziazima kwa jirani tukiwa na harusi. Hii moja haiazimiki. Katika sura hii nimekusudia kusimulia jinsi wataalamu walivyokuja kuutambua ukweli huo, na jinsi ulivyowafikisha mahali pa kuotesha ngozi ya mtu nje ya mwili wake, kama mkulima aoteshavyo miche kitaluni kabla ya kuihamishia shambani. Ni historia ndefu. Ndani yake mna subira, mna ushindi, na mna fedheha pia. Mimi niliyemaliza umri wangu wa kazi nikiwaandaa walimu naiona kuwa na funzo kwa kila mtu ambaye kazi yake ni kukuza kitu asichoweza kukiumba.

Kwanza tukumbushane ngozi ni kitu gani. Ina matabaka mawili makubwa. Tabaka la juu ni jembamba kama karatasi, nalo hujifanya upya wakati wote: seli huzaliwa chini, husukumwa juu, hufa, kisha hupukutika tunapojisugua bafuni. Mzunguko huo huchukua kiasi cha mwezi mmoja. Tabaka la ndani ni nene na imara zaidi. Humo ndimo mlimo na mishipa ya damu, mishipa ya fahamu na nyuzi za protini iitwayo kolajeni. Mnyama anapochunwa na ngozi yake kupelekwa kiwandani, tabaka hilo ndilo linalogeuzwa kuwa viatu na mikanda. Tofauti yao ni hii: la juu likiondoka hurudi, la ndani likiharibika kabisa halirudi. Mahali pake mwili huweka kovu, na kovu lina tabia ya kujikunyata.

Nilipokuwa mkuu wa chuo, alijiunga nasi binti mmoja ambaye utotoni alianguka motoni jikoni akiwa ameshikwa na kifafa. Kovu lilikuwa limemvuta shingo hata kidevu kikakaribia kugusa kifua. Alipotaka kuandika juu ya ubao ilimbidi asimame upande, aupindue mwili mzima ndipo aone mkono wake unaandika nini. Siku moja mkufunzi wa sayansi alikuwa akiwafundisha habari hizi nilizozieleza hapo juu, za ngozi kujifanya upya kila mwezi. Binti yule akanyoosha mkono. “Mkufunzi,” akauliza, “kama ngozi hujitengeneza upya kila mwezi, mbona yangu mimi imekwama?” Darasa likanyamaza kimya. Mkufunzi, ambaye alikuwa mtu mwadilifu, hakumjibu kwa maneno ya kumfariji. Alisema swali ni zuri na atalitafutia jibu. Akalileta chumba cha walimu saa ya chai, na humo likanipata mimi. Tangu siku hiyo kila nilipoona kitabu au makala yenye habari za ngozi, nilisoma.

Jibu la kwanza ni lile la matabaka: moto uliompata ulikuwa umekwenda chini mno, ukaziteketeza hata zile mbegu za tabaka la juu zinazojificha kwenye mizizi ya nywele na katika tezi za jasho. Jeraha la namna hiyo huweza kujifunga kutoka pembeni tu, polepole, na likiwa kubwa kovu hulitangulia. Lakini jibu hilo huzaa swali jingine: je, haiwezekani kuleta ngozi kutoka mahali pengine?

Watu walikwishalijaribu hilo zamani sana. Waganga wa Bara Hindi walikuwa wakitengeneza pua zilizokatwa tangu zama za kale, na kitabu kinachonasibishwa na tabibu Sushruta kinaieleza kazi hiyo. Mwezi wa Oktoba 1794 jarida la Gentleman's Magazine la London lilichapisha habari za mwendesha mikokoteni mmoja aliyelitumikia jeshi la Waingereza huko India, akatekwa na askari wa Tipu Sultan na kukatwa pua. Fundi wa Kihindi alimtengenezea pua mpya kwa kipande cha ngozi ya paji la uso wake mwenyewe. Waingereza walishangaa. Miaka 20 baadaye, mwaka 1814, daktari Joseph Carpue aliirudia kazi hiyo mjini London, naye akafaulu. Kisha mwaka 1869, mjini Paris, daktari kijana wa Kiswisi aitwaye Jacques-Louis Reverdin alichukua vipunje vidogo vya ngozi ya juu ya mgonjwa akavipachika juu ya kidonda kilichokataa kufunga. Kila kipunje kikawa kama kisiwa, kikapanuka kandokando, visiwa vikakutana.

Msomaji alishike neno hilo, “yake mwenyewe,” kwa sababu ndilo lililochelewa kueleweka. Mtu aliyeungua sehemu kubwa ya mwili hana mahali pa kuchukuliwa ngozi. Kwa hiyo madaktari walichukua ya ndugu, ya rafiki, ya maiti, hata ya wanyama. Siku za mwanzo ngozi hiyo ilishika, ikawa nyekundu na yenye uhai, watu wakashukuru Mungu. Baada ya siku kadhaa ikanyauka na kudondoka. Wengine walidhani ni mkono wa daktari uliokosea, wengine wakadhani ni uchafu.

Aliyelitatua fumbo hilo ni Peter Medawar, mzaliwa wa Brazili, mtoto wa baba wa Kilebanoni na mama wa Kiingereza. Wakati wa Vita Kuu ya Pili hospitali za Uingereza zilikuwa na marubani wengi walioungua, na kijana huyo aliyesomea elimu ya wanyama alipewa kazi ya kuchunguza jambo hilo. Alikwenda Glasgow akashirikiana na daktari wa upasuaji Thomas Gibson. Mgonjwa wao alikuwa mwanamke aliyeangukia moto wa gesi akiwa katika kifafa. Niliposoma hapo nilikiweka kitabu chini kwa muda, maana hadithi ya Glasgow ilikuwa ndiyo ile ya chuoni kwetu. Walimpandikiza vipande vya ngozi yake na vipande vya ngozi ya kaka yake. Vya kwake vilishika. Vya kaka yake vilishika kwa muda, vikaharibika. Walipompandikiza tena vya kaka yake kwa mara ya pili, viliharibika upesi kuliko vya kwanza.

Katika tofauti hiyo ya mara ya kwanza na ya pili, Medawar aliliona jambo lenyewe. Mwili ulikuwa umejifunza. Kinga ile ile inayotukinga na ndui ndiyo iliyokuwa ikimfukuza mgeni huyu, na safari ya pili ilimkumbuka. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwili hautoi hata jembe, humtoa nje. Gibson na Medawar waliyachapisha haya mwaka 1943, na mwaka 1960 Medawar alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Frank Macfarlane Burnet wa Australia kwa kazi iliyofuata katika elimu hiyo ya kinga.

Basi njia ikabaki moja. Ikiwa mtu hapokei ngozi isipokuwa yake, na yake imebaki kidogo, sharti hicho kidogo kikuzwe. Lakini kikuzwe wapi?

Elimu ya kukuza seli nje ya mwili ilikuwa imeanza kitambo. Mwaka 1907 Mmarekani Ross Harrison alichukua kijipande kutoka kiini cha chura, akakiweka ndani ya tone la majimaji ya mwili wa chura, akaona kwa hadubini nyuzi za fahamu zikichipua na kurefuka mbele ya macho yake. Miaka mitano baadaye, 1912, Mfaransa Alexis Carrel aliyefanya kazi New York alianza kukuza seli kutoka moyo wa kifaranga kilichokuwa bado ndani ya yai. Ilidaiwa kwamba seli hizo ziliendelea kuishi na kugawanyika miaka 34, hadi zilipotupwa mwaka 1946, Carrel mwenyewe akiwa amekwishafariki. Dunia ikaamini kwamba seli ikitunzwa vizuri haifi kamwe. Mwaka 1961 Leonard Hayflick na Paul Moorhead, mjini Philadelphia, walionyesha kwamba seli za kawaida za binadamu hugawanyika kiasi cha mara 50 hivi, kisha hukoma. Lile la Carrel halikuweza kurudiwa na mwingine. Carrel alikuwa na Tuzo ya Nobel kwa ufundi wake wa kushona mishipa ya damu, na yamkini ukubwa wa jina lake uliwafanya wengi waone haya kuuliza. Tutakutana tena na ugonjwa huo wa jina kubwa.

Kitalu chenyewe kilipatikana mwaka 1975. Howard Green, mzaliwa wa Toronto aliyekuwa akifundisha katika chuo cha MIT karibu na Boston, pamoja na mwanafunzi wake James Rheinwald, waliona kwamba seli za ngozi ya juu ya binadamu hazipendi kuwekwa peke yake kwenye chombo. Lakini zikiwekwa pamoja na seli fulani za panya zilizokwisha kupigwa mionzi, hustawi. Mionzi ile huzizuia seli za panya zisizaliane, ila haiziui mara moja. Hubaki hapo kama yaya, zikizilea zile za binadamu, kisha hutoweka. Mwaka 1979 Green na wenzake, mmoja wao akiwa Olaniyi Kehinde (jina la Kiyoruba, apewalo pacha wa pili kuzaliwa), walieleza namna ya kukibandua kitambaa kilichoota kwenye chombo kwa kutumia kimeng'enya, kikatoka kizima bila kuchanika. Kwa hesabu yao, kipande cha ngozi cha ukubwa wa stempu ya posta kiliweza, kwa muda wa wiki 3 hadi 4, kuotesha ngozi ya kutosha karibu mwili mzima wa mtu.

Mwaka 1981 madaktari wa Boston walitangaza kwamba wamekwisha kuitumia kwa wagonjwa wa moto. Mwaka 1983 waliletewa wavulana wawili, ndugu, kutoka jimbo la Wyoming, walioungua zaidi ya asilimia 95 ya miili yao. Watoto wa namna hiyo wakati ule hawakutazamiwa kupona. Kutoka kwapani, mahali ambapo moto haukufika, ilichukuliwa ngozi kidogo. Ilipoota, kiasi cha nusu ya miili yao ilifunikwa kwa ngozi ya kitaluni. Wote wawili waliishi, na habari yao ilichapishwa mwaka 1984.

Mjini humo humo Boston wengine walikuwa wakilishughulikia tabaka la ndani, lile lisilorudi. Daktari John Burke na Ioannis Yannas, mhandisi mzaliwa wa Ugiriki, walitengeneza kitu kama sifongo kwa kolajeni ya ng'ombe na kitu kingine kitokacho katika gegedu la papa, wakakifunika juu kwa utando wa silikoni. Sifongo hiyo si ngozi. Ni kiunzi tu, mfano wa fito za nyumba kabla ya kukandikwa udongo. Mishipa ya damu na seli za mgonjwa huingia ndani yake, hujenga, na kiunzi huyeyuka taratibu. Kisha silikoni huondolewa na ngozi nyembamba ya mgonjwa huwekwa juu. Waliwatangaza wagonjwa wao 10 wa kwanza mwaka 1981, na mwaka 1996 serikali ya Marekani iliidhinisha kitu hicho kuuzwa kwa jina la Integra.

Hapo misingi miwili ikawa tayari: seli za mwenyewe, na kiunzi cha kuzipokea. Mwaka 1993 Robert Langer na Joseph Vacanti waliandika makala mashuhuri wakaieleza elimu hiyo kama uhandisi wa tishu, na matumaini yakapaa. Miaka michache baadaye ikaonekana picha ya panya mwenye kitu mfano wa sikio la mtu mgongoni. Wengi hawakuambiwa kwamba lilikuwa gegedu la ng'ombe lililooteshwa kwenye kiunzi chenye umbo la sikio. Mwaka 2006 Anthony Atala alieleza habari za wagonjwa vijana 7 waliotengenezewa vibofu vya mkojo kwa seli zao wenyewe. Ilionekana kana kwamba baada ya ngozi vingefuata viungo vyote, kimoja baada ya kingine.

Ndipo likaja jambo la Stockholm. Mwezi wa Juni 2011, katika hospitali ya Karolinska, daktari Mwitalia Paolo Macchiarini alimwekea mgonjwa bomba la plastiki mahali pa bomba lake la hewa liendalo mapafuni. Bomba hilo lilikuwa limelowekwa katika seli za uboho wa mgonjwa, na ulimwengu ukatangaziwa kwamba seli zingelifanya liwe kiungo hai. Mgonjwa yule alikuwa jirani yetu, mwana wa Eritrea, baba wa watoto, aliyekuwa masomoni Iceland. Plastiki ile haikupata kuwa hai. Alifariki Januari 2014 baada ya mateso mengi. Wengine wawili waliopandikizwa hapo hapo nao walifariki.

Mwaka 2014 madaktari wanne wa hospitali ile ile walitoa malalamiko kwamba makala zilizochapishwa hazilingani na yaliyomo katika mafaili ya wagonjwa. Walisumbuliwa wao badala ya kushukuriwa, na mwaka 2015 chuo kilimtakasa Macchiarini. Baada ya filamu ya televisheni ya Sweden mwaka 2016 ndipo alipofukuzwa kazi. Mwaka 2018 chuo kilikiri kuwa alikosa uaminifu katika utafiti, na mwezi wa Juni 2023 mahakama ya rufaa ilimhukumu kifungo cha miaka miwili na nusu.

Nimelitafakari sana jambo hili. Green na Macchiarini wote waliongozwa na wazo lile lile, kwamba seli za mgonjwa zifanye kazi. Green aliziotesha kwanza, akaona zinaota, akapima, akabandua, akapanda, akangoja. Na ngozi iko wazi, yeyote anaweza kutazama kama imeshika au imenyauka. Yule wa Stockholm alipanda kiunzi kikavu ndani ya kifua, mahali ambapo jicho halifiki, akatangaza mavuno siku ya kupanda. Hapo ndipo mgonjwa alipotegemea kitu kimoja tu, ukweli wa maandishi ya daktari wake.

Kwa bahati nzuri kitalu chenyewe hakikufa kwa fedheha hiyo. Mwaka 2015 hospitali ya mji wa Bochum, Ujerumani, ilimpokea mtoto mkimbizi wa Kisyria, mwenye umri wa miaka 7, aliyezaliwa na kasoro ya jeni inayofanya ngozi ya juu isishikamane na ya ndani. Alikuwa amepoteza sehemu kubwa ya ngozi yake, na madaktari walikuwa karibu kukata tamaa. Michele De Luca wa Modena, Italia, ambaye zamani alijifunza katika maabara ya Green, alichukua ngozi kidogo ya mtoto huyo, akaingiza katika seli zake jeni nzima, akaziotesha, na kwa upasuaji wa awamu kadhaa mtoto akafunikwa asilimia 80 ya mwili. Mwezi wa Machi 2016 alirudi shuleni. Dunia ilisimuliwa kwa ukamilifu mwaka 2017, ngozi ikiwa imekwisha kukaa karibu miaka miwili.

Najua msomaji wangu atauliza: na sisi je? Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu wapatao 180,000 hufa kwa moto kila mwaka, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Twazijua sababu: kibatari, sufuria ya uji chini sakafuni, mafuta ya taa, kifafa kisichotibiwa. Maabara kama ya Modena ni ghali, na ngozi ya kitaluni ina mapungufu yake: ni nyembamba, yaumizwa upesi na wadudu wa maradhi, haina tezi za jasho wala nywele. Lakini si lazima tungoje Modena. Maji safi ya baridi yanayotiririka juu ya jeraha kwa dakika 20, mara tu baada ya kuungua, huokoa sehemu ya tabaka lile lisilorudi. Dawa ya meno, unga na mayai haviokoi chochote. Na ule ufundi wa kale wa kuhamisha ngozi ya mtu kutoka mahali pamoja hadi pengine bado unafaa. Binti yule wa chuoni alikuja kufunguliwa kovu lake kwa upasuaji, akawekewa shingoni ngozi ya paja lake. Hakuna maabara iliyohusika. Alifundisha darasa la kwanza kwa miaka mingi.

Jambo moja katika ripoti ya mtoto wa Bochum limenikaa moyoni kuliko yote. Walipozifuatilia zile seli walizopanda, waligundua kwamba nyingi zilihudumu kwa muda mfupi zikapukutika, na ngozi nzima ya mtoto ilikuwa ikitunzwa na seli shina chache tu zenye umri mrefu. Kwa jicho la kawaida hazikutofautiana na nyingine siku ya kupandwa. Nami nimewatazama vijana wengi wakiketi mbele yangu siku ya kwanza ya muhula, wote na daftari zao mpya, nisijue ni yupi atakayedumu darasani miaka 30 na ni yupi ataacha kazi kabla ya mwaka kwisha. Mwenye kitalu hachagui. Humwagilia mstari mzima, na baada ya miaka huandika kwa uaminifu ni mingapi iliyoshika.